KUBADILI CHIPU YA KUMBUKUMBU KATIKA KASETI YA MCHEZO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika gazeti letu wenzangu wamezoea kuandika juu ya ufugaji wa nyuki, juu ya safari za milimani, na juu ya ushindi wa timu yetu ya mpira. Mimi si mfugaji wala si mchezaji. Nitaeleza kazi moja ndogo niliyoifanya wakati wa likizo, nayo ni kuondoa chipu ya kumbukumbu katika kaseti ya zamani ya mchezo na kutia nyingine mahali pake. Kabla sijaendelea, napenda kumhakikishia mwalimu wa nidhamu kwamba kaseti hiyo na mashine yake ziko nyumbani Tanga, wala hazijapata kuvuka lango la shule hii.

Mashine yenyewe huitwa Game Boy. Ilitolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani tarehe 21 Aprili 1989. Ni chombo cha kushika mkononi, kizito kidogo, chenye kioo cha rangi ya majani makavu kisichokuwa na taa, hata usiku huwezi kucheza mpaka ukae chini ya globu. Hutumia betri nne za kawaida, zile nyembamba. Pamoja na ndugu yake wa rangi aliyefuata mwaka 1998, mashine hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani. Moja kati ya hizo ilifika kwetu mkononi mwa mjomba, ambaye alikuwa baharia. Alimletea kaka yangu, aliyenizidi miaka kumi na mitatu, pamoja na kaseti moja tu nyekundu iitwayo Pokémon Red.

Mchezo huo si wa dakika tano. Mchezaji hutembea nchi nzima akikamata wanyama wa ajabu, ambao jumla yao ni 151, na kuwafundisha kupigana. Huchukua wiki nyingi, kwa hiyo hapana budi kaseti ikumbuke mchezaji alipofikia. Kaka yangu alicheza alipokuwa darasa la saba. Alikuwa na kobe mkubwa mwenye mizinga mgongoni, akampa jina la BABU. Nilipokuwa mdogo nikiiwasha mashine ile nilimkuta BABU palepale alipoachwa, na kaka mwenyewe yuko Mwanza kazini. Nilidhani mambo hayo yameandikwa katika kaseti kama maandishi yalivyo katika kitabu. Hapo ndipo nilipokosea.

Ukiifungua kaseti ya namna hii utaona bodi moja ndogo ya kijani yenye vidole 32 vya shaba, ambavyo huingia katika mashine. Juu ya bodi kuna chipu chache. Iliyo kubwa ndiyo yenye mchezo wenyewe. Mambo yake yaliwekwa kiwandani wakati chipu ilipotengenezwa, hayafutiki wala hayaongezeki. Hiyo ndiyo iliyo kama kitabu. Ya pili ni chipu ya msimamizi. Kazi yake ni kugeuza kurasa, kwa maana mashine haiwezi kuona zaidi ya baiti 32,768 za mchezo kwa mara moja, na mchezo wa kaka yangu una zaidi ya milioni moja. Ya tatu ndiyo ya kumbukumbu ya mchezaji, yenye baiti 32,768. Nayo pia husomwa kwa kurasa, kurasa nne za baiti 8,192 kila moja. Mwisho kuna betri bapa ya fedha, kama ile ya saa.

Mwalimu wetu wa Fizikia alipotufundisha transista, nilifanya hesabu moja kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Chipu hii ya kumbukumbu huhifadhi kila biti kwa transista sita zinazoshikiliana, hizi zikiwa zimefunguka, zile zimefungwa. Baiti 32,768 ni biti 262,144. Zidisha kwa sita, utapata transista 1,572,864. Zote hizo zinashikana kama watu waliobebana mabegani, na nguvu ya kusimama wanaipata katika umeme. Umeme ukikatika hata kwa sekunde chache, wote huanguka, na ukirudi husimama ovyo ovyo. Mashine ikiwa imewashwa umeme hutoka katika betri zake nne. Ikizimwa, umeme hutoka katika ile betri ya saa. Basi miaka yote ile BABU hakuwa ameandikwa mahali. Alikuwa ameshikiliwa tu.

Betri ya kaseti yetu ilikuwa na namba 2025. Namba hizo si za bure: 20 ni upana wake kwa milimita, na 25 ni unene wake, yaani milimita 2.5. Betri kama hiyo ina kiasi cha miliampia-saa 160. Tuseme chipu inanyonya sehemu moja ya milioni ya ampia. Hapo betri itadumu saa 160,000, ambazo ni miaka kumi na minane. Kaseti nyingine zina betri ya 1616, iliyo ndogo zaidi, na hizo huwahi kufa. Hesabu ni ya makadirio, maana betri hujimaliza yenyewe kidogo kidogo hata isipotumika. Lakini mtu yeyote mwenye kaseti ya miaka ile ajue kwamba ama betri yake imekwisha kufa, ama iko karibu.

Mimi nilijua jambo hilo nusu. Nilipokuwa kidato cha pili nilisikia kwamba betri za kaseti hizi huisha, nikaona nimfanyie kaka yangu wema. Kaseti imefungwa kwa skrubu ya ajabu ambayo bisibisi ya kawaida haiishiki. Nilichukua kalamu ya plastiki isiyo na wino, nikaiyeyusha ncha kwa kiberiti, nikaibana juu ya skrubu mpaka ikapoa na kuchukua umbo lake, nikazungusha, ikafunguka. Nilijivuna sana. Kisha nikaing'oa betri ya zamani kwa kisu, nikaweka mpya, na kwa kuwa sikuwa na chombo cha kulehemia, nikaibana kwa utepe wa gundi.

Nilipowasha mashine, mchezo ulianza vizuri, illa neno la kuendelea halikuwapo. Lilikuwapo la kuanza upya tu.

Nilikaa siku mbili kabla ya kumpigia simu. Kaka hakunigombeza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na BABU naye?" Nikamjibu kwamba naye pia. Akasema si kitu, mdogo wangu, ni mchezo tu. Lakini alipokuja likizo mwaka uliofuata aliichukua mashine, akaanza upya tangu mwanzo. Akacheza kila usiku chini ya globu ya sebuleni kwa wiki tatu, na kobe wake akampa jina lilelile. Alipoondoka aliniachia akisema nimtunzie mpaka atakaporudi amalizie. Hakujua kwamba betri imeshikwa kwa utepe. Nami sikumwambia.

Msomaji aelewe ubaya wa utepe. Gundi yake hulegea kwa joto, na Tanga joto si la kutafuta. Kaseti ikianguka mara moja tu, betri ikanyanyuka unene wa karatasi, kazi yote imekwisha. Betri hizi huuzwa nyingine zikiwa na vijiti vya bati vilivyokwisha gandishwa kiwandani, na ndizo zinazofaa kulehemiwa. Mtu asijaribu kulehemu moja kwa moja juu ya betri, kwa maana ina madini ya lithi ndani, ikipata moto mwingi inaweza kupasuka.

Basi nilikwenda kwa fundi mmoja wa simu wa mtaani kwetu, mzee mwenye subira. Nikamwomba anisaidie kutia betri yenye vijiti. Aliitazama bodi kwa lenzi yake, akauliza, "Mwanangu, kwa nini utie kitu kitakachokufa tena?" Akanieleza kwamba siku hizi kuna chipu za kumbukumbu zisizohitaji betri kabisa, zenye miguu ileile 28, kwa mpangilio uleule. Niliporudi nyumbani nikasoma habari zake.

Chipu hizo huitwa za feroelektriki. Jina linadanganya, kwa sababu limetungwa kwa kufananisha na sumaku ya chuma, na chuma hakimo. Tabia yenyewe iligunduliwa mwaka 1920 na Mmarekani Joseph Valasek katika chumvi ya namna fulani, na mwaka 1952 mwanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani, Dudley Buck, alieleza katika tasnifu yake jinsi inavyoweza kutumiwa kuhifadhi kumbukumbu. Ndani ya kila kijumba cha chipu kuna fuwele ndogo sana. Katikati ya fuwele kuna atomu ambayo umeme ukipita huku husogea juu, ukipita kule husogea chini. Umeme ukiondoka, atomu hubaki ilipo. Juu ni moja, chini ni sifuri. Hapana wa kumshikilia mwenzake.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni namna chipu inavyosomwa. Haiwezi kuchungulia ikaona atomu iko wapi. Huisukuma. Ikiwa ilikuwa upande mwingine itahama na kutoa mshtuko mdogo wa umeme, na hapo chipu inajua. Lakini kwa kuisukuma imekwisha kuiharibu habari iliyokuwapo, kwa hiyo mara hiyohiyo huiandika tena. Kila kusoma ni kufuta na kuandika upya. Hata hivyo watengenezaji wanasema chipu huvumilia mambo hayo mara trilioni 100, idadi ambayo kaka yangu hawezi kuifikia hata akicheza mpaka wajukuu wake waoe.

Tuliagiza chipu moja yenye namba FM18W08, pamoja na vifaa vya simu ambavyo fundi huagiza kutoka nje. Ina baiti 32,768, sawasawa na ya zamani. Ilichukua wiki tano kufika. Kuna wauzaji ambao husugua chipu kuukuu na kuipiga namba mpya juu yake, kwa hiyo fundi aliikagua kwanza kwa lenzi.

Sasa kulikuwa na tatizo ambalo safari hii sikulisahau. Ili kuondoa chipu ya zamani ni lazima betri itoke kwanza, na betri ikitoka, BABU wa pili atakwenda alikokwenda wa kwanza. Wapo watu wanaobadili betri mashine ikiwa imewashwa ili umeme usikatike. Mimi siwasifu. Mkono ukiteleza mara moja, chuma kikagusa mahali pasipo pake, utapoteza kumbukumbu na pengine bodi yenyewe. Tena kwa kubadili chipu, hila hiyo haisaidii kitu. Dawa ni kunakili kwanza kila kitu kwenye kompyuta.

Jirani yetu anayesoma chuo cha ufundi alikuwa na bodi ya Arduino. Tulipata Game Boy moja mbovu, tukaitoa mdomo wa kuingizia kaseti, tukaunganisha vidole vyake kwa nyaya, na Arduino ikaagizwa isome anwani moja baada ya nyingine, kuanzia ukurasa wa kwanza wa kumbukumbu mpaka wa nne. Nilipoiingiza kaseti ndani ya mdomo ule mikono ilinitetemeka kwa ajili ya ule utepe. Faili iliyotoka ilikuwa na baiti 32,768 kamili. Tukasoma mara ya pili, tukalinganisha faili mbili. Hazikutofautiana hata baiti moja. Ndipo nilipobandua utepe.

Kazi ya kulehemu ilikuwa fupi kuliko maandalizi yake. Fundi alipaka utomvu wa msonobari kwenye miguu ya chipu, akapuliza hewa ya moto kwa mashine yake ya simu, akizungusha zungusha asiunguze mahali pamoja, na lehemu ilipoyeyuka akainyanyua chipu kwa koleo kama mtu anayetoa ndizi kwenye mafuta. Asiye na mashine hiyo anaweza kuikata miguu mmoja mmoja kwa kikatio chembamba, kisha kuondoa vipande. Chipu ya zamani itakufa, lakini bodi itasalimika, na bodi ndiyo yenye thamani. Kisha tukasafisha kwa spiriti. Chipu mpya ina alama ya kuonyesha mguu wa kwanza. Ikigeuzwa umeme utaingia pasipo pake na itaungua, kwa hiyo tuliangalia sote wawili kabla ya kugusa. Fundi aliniruhusu nilehemu mimi, miguu 28, nafasi ya milimita 1.27 kutoka mguu hadi mguu.

Chipu ya nne, ile ndogo inayochunga umeme, hatukuigusa. Kazi yake si betri tu. Mashine inapozimwa na umeme unaposhuka, chipu hiyo hufunga mlango wa kumbukumbu ili takataka zisiandikwe katika dakika ya mwisho. Kumbukumbu isiyosahau inahitaji mlango huo zaidi ya ile inayosahau, kwa maana takataka nazo haitazisahau.

Tukairudisha faili kutoka kwenye kompyuta mpaka kwenye chipu mpya, tukaisoma tena ili kuhakikisha. Haikulingana. Nusu ya kwanza ya faili ilikuwa imepotea, na mahali pake palikuwa na nakala ya nusu ya pili. Fundi alitaka kuing'oa chipu akidhani ni mbovu. Mimi nikamwomba tufikiri kwanza. Anwani za kumbukumbu ni kama namba za masanduku ya posta. Ikiwa karani haoni tarakimu moja ya namba, barua za masanduku mawili zitatiwa katika sanduku moja, na zitakazokuja nyuma ndizo zitakazokaa juu. Waya gani wa anwani huchagua baina ya nusu ya kwanza na nusu ya pili? Ni ule wa juu kabisa, na katika chipu hii unaingia kwa mguu wa kwanza. Tukauweka mguu wa kwanza chini ya lenzi. Ulikuwa umekaa juu ya lehemu bila kushikana nayo, na ndio mguu niliouanza, kabla mkono haujazoea. Nikaugusa kwa moto tena, tukaandika faili, tukaisoma. Ikalingana.

Niongeze onyo kwa atakayejaribu kwa kaseti nyingine. Chipu ya feroelektriki huishika anwani wakati waya wa kuiita unaposhuka. Ikiwa bodi inauacha waya huo chini baina ya ombi moja na jingine, chipu haitasikia ombi la pili, na itabidi kuongeza kijichipu cha kuurudisha juu. Pia zipo kaseti zenye saa ndani yake, kama Pokémon Gold na Silver zilizotoka Japani mwaka 1999. Hizo betri haziachiki, maana saa lazima itembee hata mashine ikiwa imezimwa, na hakuna fuwele itakayoitembeza bure. Kwa hizo tia betri yenye vijiti, uridhike.

Wako pia wanaosema kwamba kaseti ya zamani iachwe na vitu vyake vya zamani, na kwamba betri mpya ya miaka kumi na minane inatosha. Sitabishana nao. Kama kaseti ingekuwa yangu, pengine ningefanya hivyo.

Usiku ule niliwasha mashine bila betri yoyote katika kaseti. Neno la kuendelea lilikuwapo. Nikazima, nikawasha, mara kumi. Kisha nikaiweka kaseti mezani peke yake, nikailaza siku nne, nikawasha tena. BABU alikuwa daraja la 41, palepale.

Kaka alikuja mwishoni mwa likizo. Nilimpa mashine, na kabla hajaiwasha nikamweleza habari yote, pamoja na ile ya utepe, nikamwonyesha chipu ya zamani ndani ya kibiriti. Alinitazama kwa muda, akacheka, kisha akaniuliza kama ile faili bado ninayo. Nikamwambia ninayo, mahali pawili.